NCHA YA UBAO NA MKONO WA SEREMALA

(Maneno ya mazungumzo kwa mafundi seremala na vijana wajifunzao kazi ya mashine)



Mlango ulio mzuri hausifiwi na mtu. Mtu huufungua, akapita, akaufunga, wala hakumbuki kwamba hapo palikuwa na kazi ya mikono. Lakini mlango mbaya hutazamwa kila siku. Pembe zake huachana, mwanga huonekana kati ya ubao na ubao, paneli hulia wakati wa upepo, na baada ya masika mawili upande wa kitasa huanguka ukaanza kukwaruza sakafu. Mwenye nyumba husema kwamba mbao zilikuwa mbichi. Mara nyingine ni kweli. Walakini mara nyingi kosa halikuwa katika mbao, bali lilikuwa katika ncha ya ubao, mahali pale ambapo ubao wa kulala hukutana na ubao wa kusimama. Na ncha hiyo hiyo iharibuyo mlango ndiyo iliyowaharibu vidole mafundi wengi. Mambo hayo mawili, ubora wa mlango na uzima wa mkono, watu hudhani kwamba ni mambo mbalimbali. Kumbe dawa yake ni moja.

Yafaa kwanza kueleza mlango wenyewe, kwa ajili ya wale wasiokuwa mafundi. Mlango wa paneli una mbao za namna tatu. Ziko mbao mbili za kusimama, moja upande wa bawaba na moja upande wa kitasa. Ziko mbao za kulala, juu, katikati na chini, ambazo huzifunga zile za kusimama zisiachane. Tena ziko paneli, ambazo hukaa ndani ya mifereji bila gundi, kwa sababu ubao mpana hutanuka wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, nao ukibanwa kwa gundi hauna budi kupasuka. Ubavu wa ndani wa kila ubao huchongwa urembo pamoja na mfereji wa kupokea paneli. Ncha ya ubao wa kulala nayo huchongwa kinyume cha urembo huo, hata mbao mbili huingiana kama kiganja ndani ya kiganja.

Zamani kazi hiyo yote ilifanywa kwa mkono. Seremala alichonga urembo kwa randa maalum, akakata ulimi kwa msumeno, akatoboa tundu lake kwa patasi, kisha akaketi na kuichonga ncha polepole mpaka ikafuata umbo la mwenziwe. (Milango mashuhuri ya Lamu na Unguja haimo katika habari hii, kwa kuwa fahari yake ni nakshi iliyochorwa juu ya miimo, kizingiti na mfaa, hiyo ni kazi nyingine, tena ya kustahiwa.) Mwaka 1793 Mwingereza Samuel Bentham alipata hati ya uvumbuzi wa mashine nyingi za kazi ya mbao, na katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kutumia mashine yenye spindeli. Viwanda vikubwa vilikuwa na mashine ya pili kwa ajili ya ncha peke yake. Fundi mwenye karakana ndogo hana fedha za mashine mbili, basi huifanyisha spindeli kazi zote mbili, ubavu na ncha pia. Hapo ndipo hatari iingiapo.

Spindeli ni mhimili wa chuma usimamao wima katikati ya meza, nao hubeba visu. Kisu chenye kipenyo cha milimita 120, kikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia mita 44 hivi kwa kila sekunde. Hesabu hiyo ikigeuzwa kuwa mwendo wa safari, ni kilomita 158 kwa saa; na treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza mwaka 2017, mwendo wake wa juu ni kilomita 120. Kisu hicho kikiwa na meno mawili hupiga ubao mara 233 hivi katika sekunde moja. Mtu ashtukapo, mkono wake huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla ya kuanza kurudi nyuma, na katika muda huo meno yamekwisha kupita mara 46. Basi ule usemi wa mafundi wengine, kwamba wao ni wepesi na wanaijua mashine yao, hauna hesabu ndani yake.

Kuchonga ubavu wa ubao mrefu si jambo la kutisha sana. Ubao wa futi 6 huegemea kiegemeo mbele ya kisu na nyuma ya kisu, na mikono huweza kukaa mbali. Ncha ni jambo jingine kabisa. Upana wa ubao wa kulala huenda ukawa milimita 100 tu, na uwazi ulioachwa katika kiegemeo ili kisu kipate kupita huenda ukawa milimita 150. Kwa hiyo ncha ifikapo penye uwazi haina mahali pa kuegemea hata kidogo. Ubao huyumba, pembe yake ya mbele huingia ndani ya uwazi, kisu huikamata, na ubao hurushwa. Mkono uliokuwa ukisukuma ubao sasa wasukuma hewa, na mbele ya hewa hiyo kuna kisu. Hakuna haja ya fundi kuwa mlevi, wala mzembe, wala mgeni wa kazi. Ubao mmoja wenye fundo watosha.

Na iulizwe ni nani alipaye siku hiyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya fidia ya majeraha ya kazini yamhusu mfanyakazi aliyeajiriwa, nayo yamlazimisha mwajiri wake kumkatia bima. Lakini mafundi walio wengi chini ya jua kali ni mabwana wa nafsi zao. Fundi wa namna hiyo akipoteza vidole viwili hana mwajiri wa kumdai. Adai nani, mashine? Siku ile ile ameingia hasara ya hospitali, ya kazi iliyosimama, na ya wateja waliokwisha kulipa arubuni. Wanawe watarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo ya shule kabla kidonda hakijafunga.

Jambo hili si jipya kwa watunga sheria. Uingereza, katika kanuni zake za mashine za mbao za mwaka 1922, ilikwisha kuagiza kwamba kazi ya spindeli ambayo haiwezekani kufanywa huku kisu kimefunikwa kwa kinga ya kutosha, ubao wake utiwe katika kishikizo kilichotengenezwa makusudi ili kupunguza hatari, iwapo yawezekana. Kenya nayo ilipata kanuni zake za mashine za mbao mwaka 1959, na sheria kubwa ya usalama na afya kazini ikatungwa mwaka 2007. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 100 imejulikana kuwa mkono mtupu haufai kuipeleka ncha ya ubao mbele ya kisu. Lililobaki ni kutengeneza hicho kishikizo.

Vishikizo ni vya namna mbili. Cha kwanza ni kile ambacho katika mazungumzo haya kitaitwa kitelezi. Ni kitako cha plaiwudi au cha aluminiamu, juu yake pamesimamishwa ubao wa mgongo ulio sawa na skwea, na vibano viwili vya kuubana ubao wa kazi, pamoja na vishikio vya mikono vilivyo mbali na kisu. Fundi huubana ubao wake, kisha huusukuma mzigo wote pamoja. Mkono hausukumi ubao tena, wasukuma kitelezi. Cha pili ni meza ya kuteleza, ambayo ni sehemu ya mashine yenyewe, nayo hutembea juu ya reli au magurudumu kandokando ya spindeli ikiubeba ubao. Wazo la meza ya namna hiyo lajulikana zaidi kwa msumeno. Seremala Mjerumani Wilhelm Altendorf alitengeneza msumeno wenye meza ya kuteleza mjini Berlin mwaka 1906.

Ipi iliyo bora? Kwa kiwanda kitengenezacho madirisha na milango kila siku, chenye mbao za chini za upana wa milimita 200 na ndimi ndefu, meza ya kuteleza haina mshindani. Hubeba uzito, haichoki, wala haiinui ubao juu. Lakini kwa fundi mwenye spindeli moja ya mtumba, kitelezi kizuri chashinda meza mbaya. Meza ya kuteleza iliyolegea magurudumu ni adui aliyevaa kanzu ya rafiki: fundi huiamini, akautia ubao wake, na meza yatikisika mbele ya kisu. Anunuaye mashine iliyokwisha kutumika yampasa aishike meza hiyo kwa mikono miwili, mashine ikiwa imezimwa, aitikise upande na upande na juu na chini. Ikicheza, bei iteremshwe au meza iachwe.

Kitelezi chenyewe hakihitaji fedha nyingi, chahitaji uangalifu. Kitako kiwe kimenyooka kabisa, kwa maana plaiwudi iliyopinda huupeleka upindaji wake katika kila mlango. Urefu wake uwe wa kuuvuka ule uwazi wa kiegemeo. Ikiwa uwazi ni milimita 150, kitako cha milimita 400 huegemea pande zote mbili wala hakiwezi kuanguka ndani. Kitako hupita chini ya visu, na ubao wa kazi hukaa juu yake. Mashine nyingine zina mfereji mezani, na hapo fundi hutia chini ya kitelezi kipande cha chuma bapa kitembeacho ndani ya mfereji. Chuma hicho kisiwe chembamba kuliko mfereji, la sivyo kitelezi kitacheza. Mashine isiyo na mfereji haikosi dawa: ukingo wa kitako hutembezwa ukiegemea kiegemeo, ilimradi vipande vyote viwili vya kiegemeo viwe katika mstari mmoja. Hapo kuna faida nyingine, kwa kuwa fundi huigusisha ncha ya ubao kwenye kiegemeo, mbali na kisu, ndipo aubane. Na hivyo kila ncha hutoka kwa kina kile kile.

Ubao wa mgongo una kazi mbili. Ya kwanza ni kuushika ubao wa kazi katika pembe iliyo sawa. Ya pili hujulikana na wachache, nayo ndiyo iokoayo mbao. Kisu kikatapo ncha hukata nyuzi za mti kwa kuzikingama. Kinapofika ukingo wa mwisho, nyuzi za nje hazina kitu cha kuziegemeza nyuma, basi hung'oka vipande vipande. Ubao wa mgongo ukigusana barabara na ubao wa kazi, nyuzi hizo huegemea, na ukingo hutoka safi kama uliokatwa kwa wembe. Kwa sababu hiyo ubao wa mgongo wapaswa kukatwa na kisu pamoja na ubao wa kazi, asiuonee huruma. Tena ni desturi njema kuchonga ncha zote kwanza, kabla ya kuchonga bavu. Zikiwa bado mraba, ncha hupata mgongo ulio mraba; na kama pamebaki kijimeno kilichong'oka ukingoni, kisu cha ubavu kitakiondoa baadaye. Afanyaye kinyume, akachonga urembo wa ubavu kabla ya ncha, yampasa atengeneze mgongo wenye umbo la kuujaza urembo ule, na hiyo ni kazi ya bure.

Sasa pana jambo la urefu wa visu kutoka mezani, ambalo limewakasirisha mafundi wengi hata wakakitupa kitelezi chini. Bavu huchongwa ubao ukiwa juu ya meza yenyewe. Ncha huchongwa ubao ukiwa juu ya kitelezi. Kitako kikiwa na unene wa milimita 12, ubao umeinuliwa milimita 12, na spindeli haina budi kuinuliwa kiasi hicho hicho wakati wa kuchonga ncha. Asiyelifahamu hilo huona uso wa ubao mmoja umepanda juu ya mwenzake, akadhani kisu ni kibovu. Njia iliyo rahisi ni kuweka akiba ya vipande viwili vya mfano, kimoja kilichochongwa ubavu na kimoja kilichochongwa ncha, vilivyokwisha kuingiana vizuri. Kila mara fundi atakapoipanga mashine, huweka kipande cha mfano juu ya kitelezi, akainua spindeli mpaka meno yalingane na mfano, kisha akajaribu kwa kipande cha taka kabla ya kugusa ubao wa mteja. Na mbao zote, kwa ubavu na kwa ncha, zipite uso wa mbele ukiwa chini. Hapo nyuso haziwezi kukosana, hata kama unene wa mbao watofautiana kidogo. Meza ya kuteleza haina tabu hii, ila yataka iwe juu kuliko meza ya mashine kwa unene wa karatasi, ili ubao usikwaruze chuma upitapo.

Kuhusu pembe, hesabu ni ndogo lakini hukumu yake ni kubwa. Ubao wa mgongo ukikosea robo ya digrii, katika ncha ya upana wa milimita 100 kosa halifiki nusu ya milimita, na jicho huweza kulisamehe. Lakini mbao za kusimama zikifuata pembe hiyo kwa urefu wa mita 2, mlango huenda upande karibu milimita 9, na bawaba haiwezi kuficha jambo hilo. Skwea ya dukani nayo huweza kuwa na kosa. Ili kuijaribu, fundi huiegemeza kwenye ubao ulionyooka, akapiga mstari, akaigeuza upande wa pili, akapiga mstari mwingine mahali pale pale. Mistari ikiachana, skwea yadanganya.

Urefu wa mbao za kulala hukosewa vile vile. Mlango wa upana wa milimita 800, wenye mbao za kusimama za milimita 100 kila mmoja, waonekana kuhitaji ubao wa kulala wa milimita 600. Sivyo. Ncha zote mbili huingia ndani ya mwenziwe, na kina cha urembo kikiwa milimita 12, ubao hukatwa milimita 624. Akataye 600 atapata mlango mwembamba kuliko fremu yake, na mbao hazirefushwi. Tangu Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu yake kwa miaka kadhaa, kila fundi amejifunza thamani ya ubao mmoja wa saipresi, sembuse wa mvule.

Wako wasemao kwamba kitelezi huchelewesha kazi. Na ihesabiwe. Fundi apewa agizo la milango 20. Kila mlango una mbao tatu za kulala, jumla mbao 60, nazo zina ncha 120. Kufunga na kufungua vibano na ichukuliwe kuwa sekunde 20 kwa kila ncha. Jumla ni sekunde 2,400, yaani dakika 40 kwa agizo zima. Dakika hizo huweza kurudishwa pale mbao zisipong'oka, na pale ambapo hakuna haja ya kuziba nyufa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msumeno, ufundi ambao kila mtu aujua na hakuna aukiriye. Mwanagenzi aambiwaye na mkubwa wake, "Acha mchezo, kijana, sukuma kwa mkono," yu katika shida, kwa kuwa si adabu kumjibu mzee karakanani. Lakini si utovu wa adabu kusema, "Mzee, niruhusu nitumie kitelezi kwa hizi chache, kisha uzitazame." Ncha zenyewe zitamaliza maneno.

Kitelezi hakiondoi hatari zote, na ni vibaya kukisifu kupita kiasi. Kama visu vyenyewe ni vibaya, hakuna kishikizo kitakachomwokoa mtu. Kisu kilichochongwa kwa chuma cha springi ya gari, kikabanwa kati ya pete mbili kwa nguvu ya nati tu, huweza kuchomoka. Na kitakapochomoka hakitauliza nani ni bwana wa karakana na nani alikuja kuuliza bei. Ulaya imeweka kanuni kwamba visu vya kazi inayosukumwa kwa mkono visitokeze zaidi ya milimita 1.1 nje ya kikingio kilicho katika kichwa cha kisu, ili kisiweze kuuma ubao kwa kina na kuunyakua. Anunuaye visu vipya na atake vya namna hiyo. Mwendo wa spindeli nao ulingane na ukubwa wa kisu: kile cha milimita 120 chavumilia mizunguko 7,000, lakini kichwa cha milimita 200 kwa mizunguko 4,500 tu ukingo wake umekwisha kufikia mita 47 kwa sekunde. Mwendo ulioandikwa na mtengenezaji juu ya kisu ndio mwisho, si mwanzo.

Ubao usukumwe kila mara kwa kukutana na mzunguko wa kisu, wala si kwa kuufuata. Ufuatao mzunguko hunyakuliwa, pamoja na kitelezi chake, na lile shoka la upepo halina breki. Ubao mfupi usichongwe ncha ukiwa peke yake hata katika kitelezi. Na uchongwe ubao mpana kwanza, ncha zake zote mbili, kisha upasuliwe kwa msumeno kupata vile vipande vyembamba. Kabla ya kuwasha, umeme ukiwa umekatwa, spindeli izungushwe kwa mkono mara moja, na kitelezi kipitishwe mbele yake polepole, ili ijulikane kwamba hakuna skrubu wala kibano katika njia ya meno. Juu ya visu pawe na kifuniko, na mwisho wa njia pawe na kizuizi kilichofungwa mezani, ili kitelezi kisimame chenyewe kabla mkono haujapita kisu.

Kwa utunzaji, reli na magurudumu ya meza ya kuteleza hupanguswa kila jioni, kwa kuwa utomvu wa saipresi huchanganyika na vumbi ukawa mgumu kama lami. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo huuondoa, mashine ikiwa baridi na imezimwa. Grisi nzito isipakwe relini. Hukusanya vumbi kuliko inavyosaidia. Kitelezi nacho kisiachwe sakafuni penye unyevu, wala kisiegemezwe ukutani kikapinda, bali kitundikwe, na vile vipande viwili vya mfano vifungwe hapo hapo kwa kamba. Ubao wa mgongo ukiisha kukatwakatwa hata umbo lake halieleweki, skrubu mbili zifunguliwe, ubao mwingine utiwe mahali pake, na pembe ipimwe upya kwa skwea. Ni kazi ya dakika 5, na kipande kitakiwacho ni kile ambacho kingetupwa motoni.